Kabla hujajiunga na wakala wa ajira anayeongeza wafanyakazi

Wakala wa ajira anapotangaza nafasi mpya, kwanza jua kama nafasi hizo ni za ofisini kwake au ni za wateja wake, yaani waajiri wanaotafutiwa watu. Wengi hutuma wasifu bila kulijua hilo. Ukiajiriwa na wakala mwenyewe, kazi yako itakuwa kuwatafutia wengine kazi. Nimeifanya, ndiyo maana naandika.

Nilijiunga na ofisi yenye watu 6. Baada ya miezi michache tukawa 15. Mshahara ulikuwa mdogo, tegemeo likawa kamisheni, na hakuna aliyenieleza jinsi kamisheni inavyochelewa. Unapata mteja, unasaka waombaji, wanafanyiwa usaili mara mbili au tatu, aliyechaguliwa anatoa notisi anakotoka, anaanza kazi, halafu mteja anakaa na ankara siku 30 au 60. Kamisheni yangu ya kwanza niliishika mwezi wa tano tangu nianze kazi. Hata hiyo haikukaa, kwa sababu tulikuwa tumempa mteja dhamana ya miezi mitatu. Mtu niliyempeleka aliacha kazi wiki ya saba, tukamtafutia mteja mtu mwingine bure, na mimi nikakatwa kamisheni mwezi uliofuata. Nililia siku ile.

Kwa hiyo kwenye usaili uliza bila aibu: mshahara wa msingi ni kiasi gani, kamisheni hulipwa lini, na mtu akiondoka ndani ya dhamana inakuwaje? Kisha uliza kama utakabidhiwa wateja au utajitafutia. Kwangu mimi hili ndilo zito kuliko yote. Ofisi ikiongeza watu bila kuongeza wateja, mtanyang'anyana wale wale.

Na njaa hiyo huharibu watu. Nilimwona mwenzangu, mtu mwema kabisa, akianza kuwatoza waombaji ada ya kufunguliwa faili. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba mtafuta kazi hatozwi. Anayelipa ni mwajiri. Ukigundua ofisi inachukua hela za waombaji, ondoka, hata mshahara uwe mnono.

Ofisi niliyohamia nayo ilikuwa inapanuka. Walinipa wateja wawili siku ya kwanza, na miezi sita ya mshahara kamili bila kuhesabiwa malengo. Bado nipo hapo.