Ukiambiwa Shule Ina Wenyewe

Kama nyumbani au darasani wameshakuhukumu kwamba kichwa chako hakibebi masomo, usimalize nguvu kwa kubishana nao. Nimekulia Igombe, Mwanza, kwenye mwalo wa dagaa, yaani pale mitumbwi inaposhusha dagaa, na ubishi ule sikuwahi kuushinda. Baba alikuwa na jibu moja: "Shule ina wenyewe, mwanangu." Mwalimu mmoja wa sekondari alituita watoto wa mwaloni vichwa vya dagaa. Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Ungefanya nini?

Kilichonisaidia ni kuacha kusubiri waniamini, nikapanga mambo yanayowezekana hata wasiponiamini. Kwetu mtoto wa kike ataanika dagaa, hilo halina mjadala. Lakini kila mtu wa mwaloni anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, mitumbwi inapumzika na kazi ya kuanika inapungua. Nikamwambia mama: siku za giza mimi ni wako, siku za mbalamwezi niachie madaftari yangu. Akakubali. Si kwamba aliona nitafaulu, ila hakuwa anapoteza kitu. Nanyi mnaolima pamba au mnaouza genge, angalieni ni lini kazi ya nyumbani inalegea, mwombe siku hizo. Mzazi asiyeamini shule anaweza kuelewa ratiba.

Kwa walimu, jambo kubwa ni lugha. Darasa la saba tulisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukakuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Aliyekuwa ananyoosha mkono jana, leo ananyamaza, na ukimya wake unaandikwa uzito wa akili. Mimi nilikuwa naisoma mada kwanza kwa Kiswahili mpaka niweze kumsimulia mdogo wangu, ndipo naishika kwa Kiingereza. Halafu mitihani iliyopita. Nilikuwa nashuka mjini kwenye maktaba ya mkoa, naandika majibu kamili, siyo kusoma maswali kwa macho. Na umtafute mwalimu mmoja wa kukusahihishia. Wote hawawezi kuwa wabaya, hata kama siku nyingine inaonekana hivyo.

Pamoja na hayo yote, kidato cha nne nilipata daraja la nne. Mtaani wakasema tulijua tu. Hapa ndipo wengi huamini kwamba mlango umefungwa, wakati hawajaulizia. Daraja la nne ni pointi 26 hadi 33. Ukiwa na D nne, masomo ya dini hayahesabiwi, kuna vyuo vya astashahada vinakupokea, na ukimaliza unapanda stashahada. Njia nyingine ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na halazimiki mtu kurudia masomo yote. Mimi nilirudia Historia, Jiografia na Kiswahili, nikapata C zangu na kuingia kidato cha tano, HGK, yaani mchepuo wa masomo hayohayo matatu. Kuna waliosema HGK ni ya walioshindwa sayansi. Sikuwajibu, nilikuwa na insha za kuandika.

Ukitaka kurudia, fuatilia tangazo la NECTA, Baraza la Mitihani, mapema mwaka, maana mtihani ni Novemba na usajili hufungwa zamani. Ulizia kituo na ada kabla ya kuwaambia nyumbani. Kama unajua hawatatoa hela, anza sasa kutenga ya dagaa kidogo kidogo, na umkabidhi mtu asiyekopeshana na ndugu zako.