Jina, mwaka, mabano: maswali yenu ya tasnifu

Meseji za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wanaomalizia tasnifu, na kinachowasumbua ni kutaja vyanzo ndani ya kazi. Najibu kwa APA toleo la 7, yaani mtindo wa kutaja vyanzo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, maana ndo wengi wenu mmeambiwa mtumie.

Shikamoo mwalimu. Nimeandika kila kitu kwa maneno yangu, mbona msimamizi kaniandikia "chanzo?" karibu kila ukurasa?

Marahaba. Maneno ni yako sawa, ila wazo umelitoa kwa mtu, na hicho ndo anachokuuliza. Halafu kuna hii naiona sana, mtu anaandika aya ya sentensi nane afu anabandika mabano moja mwishoni kabisa, sasa mimi msomaji nitajuaje zote nane ni za huyo mtu au ni ile ya mwisho tu? Mtaje mapema, "Fulani (2015) anaona kwamba...", uendelee naye, na ukifika pale unapoanza kusema ya kwako ionekane umemuacha.

Nimemkuta Krapf (1882) ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Niandike Krapf tu?

Hiyo ni kamusi yake ya Kiswahili. Umeishika mwenyewe? Kama hujaishika usijifanye umeisoma. Andika (Krapf, 1882, kama alivyonukuliwa na Fulani, 2010), na kwenye marejeo aingie Fulani peke yake kwa sababu ndo uliyemsoma. Hili nalisisitiza mno kwa vile huyo Fulani anaweza akawa amenakili vibaya au amekata sentensi katikati, na wewe ukiandika Krapf moja kwa moja kosa lake umelibeba, siku ya kutetea kazi unaulizwa ukurasa unabaki unaangalia dari. Ikiwezekana kitafute chenyewe, vitabu vya zamani hivyo vingi vimeskaniwa, vipo bure mtandaoni.

Shaaban Robert ni Shaaban au Robert? Na mwaka niweke wa lini, kitabu changu ni chapa ya juzijuzi.

Robert. Kusadikika ilitoka mara ya kwanza 1951, kwa hiyo unaweka miaka yote miwili kwa mkwaju, 1951 kwanza halafu mwaka wa chapa uliyo nayo mkononi. Ukiweka wa chapa peke yake itaonekana kama mzee aliandika juzi, wakati alifariki 1962. Ukinukuu maneno yake yenyewe weka na ukurasa.

Waandishi wakiwa watatu nawataja wote?

Hapana, wa kwanza "na wenzake" basi, tangu mara ya kwanza. Wakiwa wawili taja wote wawili kila mara.

Nimehoji wavuvi 9. Nao nawaweka kwenye marejeo?

Hao ni data yako, hawaingii kwenye marejeo. Sema ndani ya maandishi kwamba maneno ni ya mshiriki, mpe namba, mfano Mvuvi 3, na jina lake usilitoe kama ulimuahidi siri. Aliyekusimulia kwa ajili ya utafiti wako akikuamini, mlinde.

ChatGPT imenipa marejeo 12 mazuri sana kwa sura ya pili. Nayatumia?

Subiri kwanza mdogo wangu. Hizi programu zinaweza kukutungia rejeo kamili, jina la mtu aliyepo kweli, jarida lililopo kweli, na makala ambayo haijawahi kuandikwa, na kwa macho huwezi kutofautisha. Chukua kila kichwa cha makala, kitafute Google Scholar na kwenye tovuti ya jarida lenyewe, usipokipata kifute. Ukikipata bado hujamaliza, fungua makala usome, uone kama kweli inasema kile sura yako inachodai inasema. Kazi ya siku mbili tatu hiyo, najua dedlaini iko karibu, ila bora uingie na marejeo 5 uliyoyasoma. Anza nayo leo, moja moja, kabla hujaongeza hata sentensi kwenye hiyo sura.