Mhadhiri hanikumbuki, nani ataniandikia barua?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Masasi, nafundisha Kiswahili na Historia. Nilihitimu mwaka 2017 kwa GPA ya 3.4. Nataka kuomba shahada ya uzamili ya Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini wanataka barua za wadhamini wa kitaaluma. Darasani tulikuwa zaidi ya mia tatu, hakuna mhadhiri anayenijua hata kwa sura. Rafiki yangu ananishauri nimwombe diwani wetu kwa kuwa ana jina. Na kazi je, niache? – Mwalimu, Masasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Diwani mwache na udiwani wake. Yeye atasema una heshima na unasalimia watu, wakati chuo kinataka kusikia kutoka kwa aliyewahi kusoma kazi yako na kalamu mkononi. GPA nayo usiionee haya. Hiyo 3.4 ni daraja la pili la chini, na vyuo vyetu vingi hupokea kuanzia 2.7.

Hili la kusahaulika nalijua. Nilipotaka kurudi chuo nilikuwa na miaka sita kazini. Nikapanda daladala hadi Mlimani, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu wangu wa fasihi tangu saa tatu. Alipotoka akaniangalia kama mtu aliyekuja kuuza vitabu. Bahati nzuri, kwenye bahasha nilikuwa na insha yangu ya mwaka wa pili, karatasi zimeshaanza kuwa za njano. Akaipokea, akavaa miwani, akaona wino mwekundu pembeni: "Hoja nzuri. Ushahidi uko wapi?" Akacheka. "Huu mwandiko wangu. Haya, ushahidi umeupata?" Tukazungumza karibu saa nzima, na barua aliyoniandikia ilitokana na mazungumzo yale.

Kwa hiyo pekua masanduku. Insha, ripoti ya mazoezi ya kufundisha, chochote chenye alama ya mwalimu. Safari ya Dar ikiwa ghali, tuma baruapepe: taja kozi, mwaka, alama uliyopata, ambatisha nakala ya matokeo na ukurasa mmoja kuhusu unachotaka kutafiti. Uko Masasi, umezungukwa na Kimakonde, Kiyao na Kimakua, na unasahihisha madaftari ya watoto wanaozungumza lugha hizo nyumbani. Hilo peke yake mhadhiri wa isimu atalitolea macho. Mpe mwezi mzima kabla ya mwisho wa maombi, na baada ya wiki mbili mkumbushe kwa adabu. Wapo watakaokwambia, "Andika mwenyewe, nitasaini." Usikubali haraka. Mpelekee hoja tano kwa ufupi, sentensi aziunge yeye. Barua uliyojisifu mwenyewe hunuka toka mbali. Mkuu wako wa shule anaweza kuwa mdhamini wa pili kama maelekezo ya chuo yanaruhusu.

Kazi usiache! Omba ruhusa ya masomo kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, na uulize mapema kama jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua yangu ya kuomba ruhusa ililala kwenye droo ya mtu miezi minne, na sikuwa na nakala ya kumwonyesha. Ukipiga hesabu ya ada na chumba, anza na mshahara unaofika mkononi. Kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo, ile asilimia 15 itaendelea kukatwa.

SWALI: Mama, nimehitimu kilimo miaka mitano iliyopita na niko kazini tangu hapo. Nikitaka kusoma Ujerumani, nianze na mtihani wa Kiingereza wa IELTS? – Bwana Shamba, Njombe

JIBU: Anza na kalenda, Bwana Shamba. Ufadhili uitwao EPOS, wa DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi), ambao una kozi za kilimo, hutaka uzoefu wa kazi wa angalau miaka 2, na kwa kawaida shahada isiwe imepita miaka 6. Huo mwaka uliobaki ndio wako. Maombi ya kozi nyingi hupelekwa moja kwa moja chuoni, na kila chuo kina tarehe yake. Matokeo ya IELTS hudumu miaka 2 na mtihani wenyewe si wa bei ya karanga, kwa hiyo chagua kozi kwanza, tazama tarehe na alama wanayotaka, ndipo ulipie.