Kabla hujaandika namba ya seli za maji ya uti wa mgongo

Wadogo zangu mnaoanza zamu maabara huku Moshi, karatasi ya viwango iliyobandikwa ukutani mtaikariri wiki ya kwanza: mtu mzima seli nyeupe 0 hadi 5 kwa mikrolita, homa ya uti wa mgongo ya bakteria mara nyingi zaidi ya 1000, ya virusi na ya kifua kikuu hapo katikati. Ikaririni. Mimi karatasi hiyo hiyo nusura initie aibuni.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya kushika pipeti vidole vimekufa ganzi. Mgonjwa alikuwa kijana anayeishi na VVU, dawa kaacha, kichwa kinamuuma wiki ya tatu. Nikapakia maji yake kwenye chemba, kile kioo chenye miraba cha kuhesabia seli, nikaona viduara vinavyong'aa, nikahesabu arobaini na kitu, nikaandika "limfosaiti", aina mojawapo ya seli nyeupe. Moyoni nilishasema kifua kikuu. Dada mkubwa wa zamu akachungulia hadubini, akauliza, "Hii umeweka Turk?" Sikuweka.

Tukarudia. Turk ni kimiminika cha kuchanganya na sampuli: asidi iliyomo hupasua chembe nyekundu, na rangi yake hupaka viini vya seli nyeupe. Viduara vyangu havikupasuka, wala kiini havikuwa nacho. Ukubwa ulitofautiana, na kimoja kilikuwa kinachipua. Tukadondosha wino wa India: kila kimoja kikazungukwa na duara jeupe katikati ya weusi. Kriptokokasi, yaani fangasi. Seli nyeupe za kweli zilikuwa 3, yaani kwa ile karatasi ya ukutani kijana yule hana neno! Mwenye kinga iliyoshuka anaweza asiwe na seli za kutosha kupandisha namba. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, kipimo cha antijeni ya kriptokokasi kifanye hata kama chemba ni tupu. Majibu ni dakika 10.

Sasa muda. Sampuli ikikaa kwenye joto la chumba, nyutrofili, seli nyeupe zinazopambana na bakteria, huanza kufa. Saa moja tu unaweza kupoteza karibu theluthi, saa mbili karibu nusu. Kwa hiyo sampuli iliyopanda bodaboda kutoka kituo cha afya, ikapitia mapokezi, ikasubiri mtu amalize chai, ukipata seli 60 andika pia saa iliyochukuliwa na saa uliyohesabu. Na usiiweke kwenye friji kama inakwenda kuoteshwa bakteria.

Hesabu yenyewe ni ndogo, ila inawaangusha wengi. Miraba 9 mikubwa ya chemba ya Neubauer inabeba mikrolita 0.9. Ukiona seli 18 kwenye maji yasiyochanganywa, ni 20 kwa mikrolita. Ukichanganya nusu kwa nusu na Turk, ni 40. Nimeona mtu akisahau kuzidisha, halafu anabishana na daktari.

Maji yakija na damu ya sindano, toa seli nyeupe 1 kwa kila nyekundu 500 hadi 1000. Nyekundu 10,000 zinaweza kueleza nyeupe 10 au 20. Haziwezi kueleza 300, kwa hiyo usimfukuze daktari kwa kumwambia "sampuli ina damu". Kwa kichanga, hata seli 15 zinaweza kuwa za kawaida.

Kuhusu aina za seli, paka slaidi, tia rangi ya Giemsa, hesabu. Nyutrofili nyingi zinaelekeza kwenye bakteria, lakini kifua kikuu cha siku za mwanzo nacho huanza hivyo. Na mgonjwa aliyekwisha kumeza antibiotiki za dukani siku tatu anaweza kukuletea limfosaiti na slaidi ya Gram, ile rangi ya kutafutia bakteria, isiyoonyesha kitu. Ndiyo maana fomu isiyo na umri, hali ya VVU na dawa alizotumia mimi huwa naipigia simu wodini kwanza. Watanuna, hasa saa tisa usiku. Wakinuna, sema ni mimi niliyekufundisha.