Madaftari yameota ukungu, meza haionekani

SWALI: Shikamooni. Nasoma kidato cha tano, nimepanga chumba kimoja Ngamiani, Tanga. Meza ni moja: ya kusomea, kulia chakula na kupigia pasi. Nikiipanga Jumapili, Jumatano imeshavurugika. Tena masika haya madaftari niliyoyafunga kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda yameota ukungu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Tuanze na ukungu, huo hausubiri. Mkosaji ni mfuko: karatasi za pwani huwa na unyevu tayari, ukizifunga unyevu hauna pa kutokea. Yasimamishe madaftari kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana. Usiyaanike juani, karatasi hujikunja na wino hufifia. Yakikauka kabisa, ufute ukungu nje ya nyumba kwa brashi laini, pua umezifunga kitambaa. Ukifuta yakiwa mabichi, unaupaka tu ukurasa mzima.

Kisha yapange wima ndani ya kreti tupu la soda, juu ya matofali mawili, sentimita 5 hivi kutoka ukutani ili hewa ipite. Kila wiki chungulia nyuma yake. Mchwa hupenda njia hiyo.

Meza yako inavurugika kwa sababu vitu havina kwao. Pasi iwe na msumari wake, sahani ziwe na beseni lake. Mezani libaki somo moja, taa na kopo la kalamu. Karatasi za majaribio zitoboe, uzifunge kwa uzi, kila somo peke yake. Na chai, tafadhali, inywee kibarazani.