Muulize Fundi: Visahani sitini vya waifai, na wageni wa mahafali

Mwezi huu mmeniandama na waifai za vyuo tu, sijui ni mahafali yanakaribia au ni bajeti zimetoka, kwahiyo yule wa betri ya laptopu inayovimba anisamehe, namjibu toleo lijalo (ila aitoe hiyo betri leo, asisubiri gazeti).

Habari za kazi Fundi. Mimi ni afisa tehama kwenye chuo kimoja hapa Moshi, ofisini tuko wawili tu. Waifai yetu ni ya zamani, sasa uongozi umekubali kutoa hela na bosi ameshaletewa kotesheni ya visahani 60 (vile vifaa vya kurusha waifai) vya Wi-Fi 7, toleo jipya la waifai, alafu anataka na spidi ya intaneti iongezwe mara mbili. Ukumbi mkubwa wa mihadhara unachukua watu 300 na ndio unaolalamikiwa kuliko kote. Nianzie wapi kabla hatujasaini? (Afisa Tehama, Moshi)

Msisaini kwanza mdogo wangu. Sio kwamba hiyo kotesheni ni mbaya, ila jiulize hiyo 60 imetoka wapi, maana barua yako nimeisoma mara mbili na sijaona mahali ulipoandika kwamba kuna mtu alizunguka chuo na laptopu mkononi akapima. Mtu akikuhesabia visahani akiwa amekaa kwenye kiti chake anahesabu hela, hahesabu waifai.

Anza na hiki, hakina gharama. Nenda pale ukumbini saa ile ile wanayolalamika, chomeka laptopu yako kwa waya kwenye swichi ya mtandao ya jengo (lile boksi la matundu linalogawa nyaya) upime. Ikiwa kwa waya inapaa na kwa waifai inatambaa basi intaneti yenu haina shida, shida iko hewani, na kuongeza spidi mara mbili itakuwa sawa na kujaza tenki wakati koki ni moja na ndoo mia tatu ziko kwenye foleni. Utalipia kila mwezi na foleni iko pale pale.

Hewa ya waifai ndio watu wengi hawaielewi. Kwenye chaneli moja (njia moja ya hewani) anaongea mmoja tu kwa wakati, wengine wote wanasubiri, yaani kama kikao cha ukoo kinavyotakiwa kuwa (sio kinavyokuwa). Sasa kwenye hicho kikao akiwepo mtu anayeongea taratibuuu kwa sababu yuko mbali na kisahani au simu yake ni ya zamani, anakula muda wa wote, hata wale wenye simu kali. Na ile bendi ya 2.4 gigahezi ina chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, 1, 6 na 11, hapo bado wanafunzi hawajawasha hotspoti zao na bluetuthi za masikioni. Ukiweka visahani kumi kwenye 2.4 ndani ya ukumbi mmoja umeongeza makelele, hujaongeza huduma. Bendi ya 5 ina chaneli nyingi zaidi na haipenyi ukuta vizuri, na kwenye ukumbi huo udhaifu ni faida, maana kila chumba kinabaki na makelele yake.

Alafu hesabu vifaa, usihesabu watu. Ingia kwenye kipindi kilichojaa ukae nyuma kabisa kama mwanafunzi aliyechelewa, angalia mezani. Tuseme watu 300 wana simu 300 na laptopu 100, hivyo ni vifaa 400. Kwenye boksi la kisahani wataandika kinabeba mamia, mimi kwa kazi zangu huwa nahesabu 40 mpaka 50 wanaotumia kweli kwenye redio moja (kisahani huwa na redio yake kwa kila bendi), kwahiyo ukumbi wako unataka visahani kama 8 vya bendi ya 5, nguvu imepunguzwa, chaneli nyembamba za megahezi 20. Ukiweka kimoja pale juu ya jukwaa umemhudumia mwalimu. Na usipime ukumbi ukiwa mtupu ukaridhika, mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji na maji yanakula hayo mawimbi, ukumbi wa Jumapili na wa Jumatatu saa tatu asubuhi ni kumbi mbili tofauti.

Hiyo Wi-Fi 7, aisee. Ni kitu kizuri, kiwango chake kilitoka 2024, ila kabla hujalipia fungua mtambo wenu unaoongoza visahani uangalie simu zinazoungana sasa hivi ni za aina gani, ni ngapi hata bendi ya 5 hazishiki. Kisahani kipya hakiifanyi simu ya zamani kuwa mpya. Mimi ningechukua Wi-Fi 6 na chenji ningeipeleka kwenye vitu ambavyo havionekani kwenye picha ya uzinduzi, yaani waya, swichi na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika).

Hapo kwenye swichi nakuomba utulie, ndipo miradi inapofia. Visahani vinakula umeme kwa waya ule ule wa mtandao. Unanunua swichi ya matundu 24 imeandikwa wati 370, unafurahi, gawanya sasa, ni wati 15 na kidogo kwa kila tundu. Visahani vya kisasa vingi vinataka wati 20 na zaidi vikifanya kazi kamili. Vikikosa vinapunguza nguvu au vinazima redio moja kimya kimya, na wewe unabaki unamtukana aliyetengeneza. Waya wa mtandao wa kopa (shaba) nao mwisho wake mita 100, na kati ya jengo na jengo usipitishe kopa kabisa, pitisha faiba, kwa sababu masika ya huku kwetu na radi zake unazijua, kopa itamleta mgeni huyo mpaka kwenye chumba cha seva wakati faiba ni kioo, haipitishi.

Na nikuambie la kwangu. Kuna hosteli nilifunga visahani vyote kwenye korido, kwenye mstari mmoja mzuri, hata mkandarasi wa jengo alisifia. Kwenye korido vilikuwa vinaonana vyote kwa vyote vinapigiana kelele, na chumbani nyuma ya ukuta wa mawe mtoto wa watu anakaa mlangoni kama bawabu ndio apate mtandao. Tulivihamishia vyumbani, chumba kimoja kinapata kisahani, viwili vinarukwa, vya korido ya ng'ambo vikapishana na vya huku. Ilibidi nilipe mafundi mara mbili.

Kitu cha mwisho kwako, majina ya mitandao. Kila jina linajitangaza hewani karibu mara 10 kwa sekunde, kwa kila kisahani, na linatangaza kwa spidi ya chini kabisa uliyoruhusu. Nimewahi kukuta chuo kina majina tisa, la mkuu, la wahasibu, la mradi fulani uliokwisha zamani. Baki na matatu, na zima zile spidi za kizee za megabiti 1 na 2 kwa sekunde. Mwambie huyo muuzaji akuazime visahani 8 wiki mbili, muda wa masomo sio likizo, ufunge pale ukumbini. Akikataa kuazima, umepata na jibu lake.

Shikamoo Fundi. Niko maktaba ya chuo, Arusha. Paswedi yetu ya wageni imebandikwa mapokezi tangu mwaka juzi, sasa hivi hata vijana wa chipsi nje ya geti wanayo. Siku ya mahafali wazazi walikuwa wanaona waifai lakini haiungi kabisa, imeandika tu inatafuta anwani. Mkuu wetu kachoka anasema wageni wafungiwe moja kwa moja. Naona si sawa, watafiti wanakuja maktaba kila wiki. Unatushauri nini? (Mkutubi, Arusha)

Marahaba mwanangu. Mwambie mkuu akifunga, wageni hawataacha kuingia, wataombana paswedi ya wafanyakazi, na hapo mtu wa chipsi atakuwa mtandao mmoja na kompyuta ya mishahara. (Chipsi zake kama ni nzuri mimi simlaumu.)

Shida yenu ni kwamba mna mlango mmoja kwa wageni wa kila namna. Mtafiti wa wiki mbili, mzazi wa masaa matano na mtu wa semina ya siku moja hawafanani.

Mhadhiri au mwanafunzi anayetoka chuo kingine asiombe paswedi yenu hata kidogo, huyo ni wa eduroam. Ni mpango ulioanzia Ulaya miaka ya 2002 na 2003, sasa uko nchi zaidi ya 100, na huku kwetu unapitia TERNET, ule mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti. Mgeni anaweka akaunti ya chuoni kwake, mfumo wenu unauliza kwao "huyu ni wenu?", kwao wakisema ndio anaingia. Paswedi yake inahakikiwa kwao, nyie hamuioni. Na raha yake ni kwamba watu wenu nao wakisafiri wanaingia huko waendako bila kuomba.

Asiye na eduroam, awe na mwenyeji. Pale getini mlinzi anamuuliza mgeni "umekuja kwa nani?", basi waifai nayo iulize hivyo hivyo, mwenyeji anabonyeza kukubali kwenye simu yake na akaunti inakufa tarehe ya kuondoka. Kwa maktaba tumieni vocha za karatasi, watu wanazielewa bila semina, imeandikwa siku moja, kesho yake ni takataka. Semina inapata namba yake ya kuingilia inayozimika saa kumi na mbili jioni. Hiyo karatasi ya mapokezi ibandue leo.

Wote hao wapite njia yao peke yao, wafike intaneti tu, wasione printa za ofisi, simu ya mgeni huyu isiione ya yule, na kila mmoja awe na kikomo cha megabiti 3 au 5 kwa sekunde. Zinamtosha mtu kupiga simu ya video.

Sasa la mahafali nalijua kwa sababu nilishalifanya mwenyewe, tena na suti nimevaa. Mtandao wa wageni kwa kawaida hupewa anwani 254 (anwani ni namba ambayo kila simu lazima ipewe ndio iingie mtandaoni). Mimi nikaacha kila simu ikishaungana inashikilia anwani yake masaa 24. Saa mbili asubuhi wameingia wanaojaribisha maspika, wapishi, wapiga picha, wanafunzi waliojiunga kwa jina la wageni ili waone kama lina kasi. Saa nne familia zinashuka kwenye Noah na Coaster kutoka Rombo, Same, Machame, mashangazi na vitenge vya sare, kila mmoja anataka kumrusha binti laivu kwa ndugu walioko Dar, na anwani zimeisha, zimeshikwa na watu walioshaenda kunywa chai. Kurekebisha ilikuwa dakika tano: panua mpaka anwani 1,022 na muda wa kushikilia punguza uwe saa moja. Ila hizo dakika tano nilizipata saa nane mchana. Nyie fanyeni wiki moja kabla. Na kamera ya kurusha matangazo ya chuo ipewe waya, isiwekwe kwenye waifai na mashangazi.

Mawili madogo. Ukurasa wa kuingilia usimuulize mgeni namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na kabila, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023 na inataka mkusanye kile mnachokihitaji tu, jina na mwenyeji vinatosha. Na msitegemee namba ya kifaa kumtambua mtu, tangu Android 10 na iOS 14 simu inajitungia namba ya bandia kwa kila mtandao, mtamfungia nyoka mkia.

Fundi mambo, mi niko mwaka wa pili, Moshi. Kwanini waifai inaonyesha nimejaa minara yote alafu hata picha haifunguki? (Mwanachuo)

Poa dogo. Ile minara inakuonyesha simu yako inamsikia kisahani vizuri, haikuambii kama kisahani kinakusikia wewe, wala kuna wangapi mbele yako kwenye foleni. Pia simu ndio inaamua ihamie kisahani gani, na nyingine ni ving'ang'anizi, umetoka maktaba uko kantini bado imeshikilia ya maktaba kama mtu asiyekubali kuachwa. Zima waifai, iwashe tena ukiwa hapo ulipokaa. Na zima hotspoti yako.

Chalii wangu fundi, tuna linki ya antena kati ya majengo mawili ya chuo hapa Arusha, kama mita 300. Ilifungwa mwezi wa tisa ikawa moto, tangu mvua za Novemba inakatakata, fundi wetu anasema antena imekufa tununue mpya. Kweli? (Mhasibu anayebana hela)

Chalii, kuna mjakaranda hapo katikati? Nauliza kwa sababu mwezi wa tisa mjakaranda unakuwa umepukutisha, una maua na matawi, fundi akachungulia akaona mwanga akafunga. Baadae majani yakarudi, mvua ikayalowesha, na jani lililolowa kwa mawimbi hayo ni ukuta. Na sio lazima tawi likae kwenye mstari wenyewe, kwa mita 300 inatakiwa uwazi wa kama mita 2 kuzunguka ule mstari pale katikati. Kabla hujalipa chochote panda juu ya paa, weka jicho nyuma ya antena yako uitafute ya ng'ambo. Ukiona majani, pandisha nguzo, na uipandishe kuzidi unavyoona inatosha maana mti nao unaota.