Maua ya pasheni yanadondoka, nyuki weusi wanatoboa kenchi

SWALI: Nimepanda pasheni za manjano hapa Muheza. Maua ni mengi, ila mengi hudondoka bila kufunga tunda. Wakati huohuo nyuki wakubwa weusi wanatoboa kenchi za banda. Niwapulizie dawa?

JIBU: Tafadhali usiwapulizie. Hao ni nyuki seremala, na huenda matunda unayovuna ni kazi yao.

Ua la pasheni ya manjano hufunguka karibu saa sita mchana, likafunga jioni au usiku moja kwa moja. Chavua yake ni nzito, upepo hauibebi, na mmea hukataa chavua yake wenyewe. Nyuki wa asali ni mdogo mno: hunyonya chini ya ua bila kugusa ncha za kike. Nyuki seremala akiinamia nekta, mgongo wake husugua vifuko vya chavua, kisha huipaka kwenye ua la mmea mwingine.

Kagua kwanza miche. Kama yote ni vipandikizi vya mmea mmoja, hata nyuki wakijaa hutapata kitu. Changanya na miche ya asili nyingine. Dawa za wadudu zipulizie maua yakishafunga, kamwe si mchana.

Nyuki wakiwa wachache, chavusha kwa mkono. Subiri ncha tatu za kike ziiname, kisha zipake zote chavua ya mmea mwingine kwa kidole au brashi laini. Usibanie: kila mbegu iliyorutubishwa ndiyo hutengeneza kifuko cha juisi, hivyo chavua kidogo huleta tunda jepesi, tupu ndani. Mvua ikilowesha chavua, imeharibika.

Kuhusu kenchi, nyuki hawa hawali mbao. Jike hutafuna tundu la mviringo, akakata kona kufuata nyuzi za mbao, na katika kila chumba huweka bonge la chavua na nekta, yai moja, na kizibo cha unga wa mbao. Ukiziba tundu naye yumo, atatoboa pengine. Paka mbao rangi ya mafuta, kisha wape makao mengine: vipande vya mwanzi mkavu vya sentimita 25 hivi, uwazi wa milimita 15 hadi 20, upande mmoja umezibwa na fundo. Vifunge vilale, chini ya paa, karibu na shamba. Vikilowa huota ukungu na watoto hufa.

SWALI: Wanauma?

JIBU: Dume hana mwiba. Jike anao, lakini huchoma akishikwa au akibanwa.